Mbuzi Mtunza Nakala

Paukwa!

Pakawa!

Nimesikia wachache. Wengine bado wana maandazi mdomoni. Mezeni kwanza, nitangoja. Paukwa!

Pakawa!

Sasa tumeelewana. Hadithi hii ina kazi ndogo kwenu. Nikiuliza, "Jani liko wapi?" nyinyi mtajibu, "Liko salama." Tujaribu. Jani liko wapi?

Liko salama.

Vizuri. Na nyinyi wakubwa mlioegemea ukuta huko nyuma, mnaofanya kazi maofisini, jibuni pia. Nyinyi hasa.

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa wakiugua kwa utaratibu na kupona kwa utaratibu, palikuwa na zahanati kando ya mto. Mganga Mkuu wa zahanati alikuwa Kiboko. Alikuwa Mganga Mkuu kwa sababu alikuwa mkubwa. Hakuna aliyeuliza sababu nyingine.

Zahanati ilikuwa na vibuyu vinne vya dawa. Kibuyu cha kwanza kilikuwa na maji ya mwarobaini, machungu. Cha pili maji ya ukwaju, machachu. Cha tatu maji ya tangawizi pori, makali. Cha nne maji ya gome la mkorosho, yenye ukakasi. Mnaujua ukakasi? Ni pale unapouma ndizi mbichi, na ulimi wako unageuka kuwa mkeka.

Dawa zilikuwa nne tu, lakini wanyama walikuwa wengi, na miili haifanani. Dawa iliyomponya Nyani ilimvimbisha Ngiri. Dawa iliyomponya Ngiri ilimtoa Sungura vipele mpaka masikioni. Na mnyama akipewa dawa isiyo yake mara ya kwanza, alivimba. Akipewa isiyo yake mara ya pili, hakuwepo mara ya tatu.

Kwa hiyo kila mgonjwa alikuwa na jani lake. Jani lilisema: huyu ni nani, anaponywa na nini, asipewe nini.

Mwandishi wa majani alikuwa Bi Nungunungu. Mama mmoja mpole, hana maneno mengi. Mgonjwa akipona, Bi Nungunungu anachomoa mwiba mgongoni, chwap. Wino hakuwa nao. Anauchovya mwiba ndani ya kibuyu kile kile kilichomponya mgonjwa, anaandika kwa dawa ile ile. Kwaru, kwaru, kwaru. Maandishi yanakauka, yanakuwa ya kahawia, jani linawekwa. Majani yalikuwa mia tatu.

"Huyakumbuki kwa kichwa?" Ngiri alimwuliza siku moja.

"Ndugu yangu," Bi Nungunungu akasema, "mimi huandika ili kichwa kipumzike."

Basi mwaka mmoja ukatokea moto wa nyika. Nyasi ziliungua, mbuyu mmoja uliungua, mkia wa Nyani uliungua. Majani ya zahanati yaliponea chupuchupu. Wanyama wakaogopa. Kiboko akaunda kamati. Kamati ikakaa vikao tisa, na katika kila kikao ikala matikiti. Mwisho wa vikao tisa likatoka jani pana la mgomba, limeandikwa juu hadi chini: Mpango Mkuu wa Kulinda Majani.

Kiboko akausoma mbele ya wote.

"Kwa kuwa adui yetu ni moto," akasema, "majani yatakaa katika shimo kando ya mto, karibu na mimi. Moto hauogelei."

Wanyama wakapiga makofi.

"Pia kila jani litakuwa na nakala. Nakala itatunzwa na msomi."

"Msomi ni nani?" akauliza Mama Paa.

Kila mtu akatazama huku na huku. Ndipo akasimama Mbuzi. Mbuzi huyu alikuwa ametoroka kwa watu. Alikuwa na kipande cha kamba shingoni, na ndevu.

"Mimi nilikuwa nafungwa nyuma ya shule," Mbuzi akasema. "Miaka mitatu. Nimepitia daftari za darasa la nne zote. Hisabati, jiografia, maarifa ya jamii. Nyingine nilizipitia mara mbili."

"Amezipitia mara mbili," Kiboko akawaambia wenzake. "Na ndevu mnaziona." Tangu siku hiyo Mbuzi akaitwa Mtaalamu.

Bi Nungunungu akainua mkono. "Bwana Mganga Mkuu, naomba jambo moja. Tuchague siku. Siku hiyo tufanye kana kwamba majani yote yamepotea. Kisha tumwombe Mtaalamu nakala, tuone kama zinapatikana."

Kamati nzima ikacheka. Kiboko alicheka mpaka maji yakamtoka puani.

"Bi Nungunungu," akasema, "yaani tupoteze majani ambayo hayajapotea? Mpango ni ukurasa mzima wa jani la mgomba. Wewe unataka nini zaidi?"

"Nataka kuona tu, Bwana."

"Huna haja ya kuona. Imeandikwa."

Basi watoto, jani liko wapi?

Liko salama.

Naam. Hivyo ndivyo walivyojibu.

Maisha yakaendelea. Bi Nungunungu akiandika jani, anaandika na nakala. Jani linakwenda shimoni. Nakala anampelekea Mtaalamu. Mtaalamu anaipokea kwa midomo yote miwili, anasema, "Itahifadhiwa mahali pazuri." Bi Nungunungu anashukuru, anaondoka, chakacha, chakacha, miiba inagongana.

Sasa huyu Mama Paa alikuwa na mtoto mmoja tu, anaitwa Zaituni. Mtoto mwenyewe miguu kama vijiti vya kiberiti, macho makubwa, na kila kinachoonekana anakitia mdomoni. Siku moja, siku ambayo zahanati ilikuwa imefungwa kwa sababu ya kikao cha kamati, Zaituni akala kitu. Koo likaanza kuziba. Mama Paa akaja mbio, akagonga mlango kwa kwato. Kiboko akatoka kikaoni huku amekasirika, na kipande cha tikiti shavuni.

Akampa mtoto dawa ya kwanza iliyomjia mkononi. Mtoto akavimba. Akampa dawa ya pili. Mtoto akapona. Mama Paa hakuona ni dawa zipi, maana alikuwa ametolewa nje, analia amejiziba uso. Bi Nungunungu akaandika jani, kwaru, kwaru, akaandika nakala, akampa Mtaalamu mlangoni pa kikao, na kikao kikaendelea.

Baada ya hapo ikapita miezi minane. Wagonjwa wakaja mamia. Kichwa cha Bi Nungunungu kikapumzika, kama kawaida yake.

Asubuhi moja jua linawaka, hakuna hata wingu. Lakini huko juu milimani mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Mto ukaanza kupanda. Ukapanda kiasi cha goti la Kobe. Ukapanda kiasi cha goti la Ngiri. Kiboko alikuwa amelala majini, akajisikia anainuliwa.

"Leo maji yametosha," akasema, akageuka upande wa pili. "Raha iliyoje."

Maji yakaingia shimoni. Gulu, gulu, gulu. Yakajaa. Majani yakatoka moja moja, yanaelea, mia tatu, kama bata wanaokwenda harusini. Bi Nungunungu akajitupa mtoni, mama wa watu na umri wake. Akayaokota aliyoweza. Akalifungua la kwanza, halina neno. Akalifungua la pili, halina neno. Maji yalikuwa yameosha dawa yote. Yalikuwa yamerudi kuwa majani tu.

"Msiwe na wasiwasi," Kiboko akasema kutoka majini. "Tunao Mpango. Uleteni tuusome, unasema tufanye nini."

"Mpango tuliuweka wapi, Bwana?" akauliza Ngiri.

Kiboko akafikiri. Akapiga mwayo kwanza, kisha akafikiri tena.

"Shimoni," akasema. "Pamoja na majani. Ili usipotee."

Mafuriko hayo yalikuwa yameleta vitu vingi kutoka milimani. Magogo, nyasi, na matunda madogo mekundu yanayong'aa. Mnajua tayari ni nani aliyeyaona kwanza. Kabla jua halijafika utosini, Mama Paa akaja anakimbia, mtoto anayumba nyuma yake. Zaituni hakuweza hata kulia. Koo lilikuwa limebaki na tundu dogo kama la unyasi. Fii, fii, pumzi inapita kwa shida.

"Bwana Mganga," Mama Paa akasema, "mwanangu. Mara ya kwanza mlimponya. Mpeni dawa ile ile."

Kiboko akatoka majini. Safari hii hakupiga mwayo. Akatazama vibuyu vinne.

"Ilikuwa," akasema, "ilikuwa ile ya kwenye kibuyu."

"Vyote ni vibuyu, Bwana," Bi Nungunungu akasema.

"Ile yenye rangi ya kahawia."

"Zote ni za kahawia."

"Tumwonjeshe moja moja," akasema Ngiri.

"Asionjeshwe," Bi Nungunungu akasema. "Huyu alishavimba mara moja. Tukikosea sasa, hatutapata nafasi ya kupatia."

Mama Paa akawageukia wote. Hakupaza sauti. "Mliniambia mwanangu ana jani," akasema. "Jani liko wapi?"

Jani liko wapi, watoto?

Ahaa. Sasa mnanong'ona. Hata wao walinong'ona.

Wakakimbia kwa Mtaalamu. Mbuzi alikuwa amesimama kilimani, mkavu, ndevu zinapepea.

"Mtaalamu, nakala ziko salama?" Kiboko akauliza, pumzi juu juu.

"Ziko salama kabisa."

"Zilete."

"Ziko salama mno, Bwana. Si vizuri kuzisumbua."

"Ziko wapi?" akauliza Bi Nungunungu.

"Ndani."

"Ndani ya nini?"

Mbuzi akatazama mawingu, ingawa hayakuwepo. "Nilitafuta mahali ambapo moto haufiki," akasema. "Nikatafuta mahali ambapo maji ya mto hayafiki, na mwizi hafiki. Mahali kama hapo ni pamoja tu."

Akajitazama tumbo.

Kiboko akasema polepole, "Kwa kweli amefuata Mpango."

"Umekula majani mia tatu?" Ngiri akauliza.

"Mia tatu na Mpango mdogo wa akiba. Huo ulikuwa mtamu."

"Wewe si unacheua?" Kiboko akasema, macho yakimng'aa. "Cheua. Zirudishe."

Mbuzi ni mtiifu, tumpe haki yake. Akafumba macho, akavuta tumbo, ngu, ngu, ngu, kitu kikapanda shingoni kama panya ndani ya soksi. Akakitema. Wanyama wakainama kusoma. Zilikuwa nyasi.

"Hizi ni za asubuhi," Mbuzi akasema. "Nakala zenyewe zilishaondoka siku nyingi. Kwa njia ya kawaida. Mnaweza kutembea kilimani mkazitafuta, lakini sidhani kama zinasomeka."

Msicheke sana. Pale chini, miguuni pa mama yake, mtoto alikuwa anapumua kwa tundu la unyasi. Fii. Fii.

Mama Paa akakaa chini. Bi Nungunungu akakaa karibu naye, mbali kidogo kwa sababu ya miiba, akafumba macho. Alikuwa akitafuta katika kichwa chake kilichopumzika miezi minane.

"Siku ile ilikuwa ya kikao," akasema taratibu. "Zahanati ilifungwa. Mgonjwa alikuwa mmoja tu. Kwa hiyo nakala niliyompa Mtaalamu siku ile ilikuwa moja tu."

"Kikao nakikumbuka," Kiboko akasema. "Matikiti yalikuwa mabivu. Na Mtaalamu hakusema neno hata moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Alikaa amebana midomo hivi. Nikamsifu mbele ya kamati. Nikasema, huyu ndiye mwenye hekima, anasikiliza."

Bi Nungunungu akafumbua macho.

"Mbuzi," akasema. Hakumwita Mtaalamu. "Siku ile kwa nini hukusema neno?"

"Sikuweza."

"Kwa nini hukuweza?"

"Midomo ilikuwa imenata. Ulimi umekauka kama mkeka. Nilijaribu kusema meee ikatoka fff. Nikaona ninyamaze nisifiwe."

"Ulikuwa umekula nini?"

"Si lile jani moja ulilonipa mlangoni? Majani mengine yako yana uchungu, mengine uchachu, hayo nayavumilia. Lile lilikuwa na uka—"

Hakumaliza. Bi Nungunungu alishaondoka. Chakacha, chakacha, chakacha, hajawahi kukimbia hivyo tangu azaliwe. Njiani akawaza: Mimi huandika kwa dawa iliyomponya mgonjwa. Mwiba wangu niliuchovya wapi siku ile? Kibuyu cha nne. Gome la mkorosho. Ukakasi.

Akakichukua kibuyu, akarudi nacho kilimani. Akachomoa mwiba, chwap, akauchovya, akaweka tone moja kwenye ulimi wa Zaituni. Ndo. Wakangoja. Akaweka la pili. Ndo. Mama Paa hakupepesa macho. Tone la tatu. Ndo.

Fii, pumzi ikasema. Fii. Kisha fuu. Kisha haa.

Kisha Zaituni akapiga chafya, akakunja uso, akautoa ulimi nje na kuupangusa kwa mguu wa mama yake. Akasema maneno yake ya kwanza: "Ni mbaya."

Mama Paa akacheka, akalia, akacheka tena. Ngiri akaangalia pembeni, akasema ameingiwa na vumbi machoni.

Kiboko akajikohoza. Akasimama kama anayetaka kuhutubia. "Mmeona wenyewe, ndugu zangu," akasema. "Mpango umefanya kazi."

Mama Paa akanyanyuka. Yeye ni mdogo, anafika kwenye goti la Kiboko, na goti la Kiboko liko chini sana.

"Bwana Mganga Mkuu," akasema, "mwanangu ameokolewa na ulimi wa Mbuzi. Je, kama Mbuzi angekuwa na mafua siku ile, ingekuwaje?"

Kiboko akafungua kinywa. Mnakijua kinywa cha Kiboko, kinaingia kitanda. Akakifunga.

"Bi Nungunungu," akasema baadaye, kwa sauti ndogo, "ile siku yako ya kupoteza majani yasiyopotea. Ulisema inafanywaje?"

Kuyarudisha majani mia tatu haikuwa kazi ya siku moja. Kila mnyama aliitwa, akaulizwa anachokumbuka, jamaa zake wakaulizwa. Ilichukua kiangazi chote. Wengine hawakukumbuka, wakavimba wiki nzima. Mzee Kobe mpaka leo anabishana na jani lake kuhusu umri.

Safari hii jani moja likawa na nakala mbili, na hazikulala pamoja. Jani lilikaa zahanati, kwenye kichuguu kirefu. Nakala moja ilikaa kwa mgonjwa mwenyewe. Nyingine ilikaa kwa Pimbi, juu ya mwamba, ambako mto haufiki na nyasi za kuungua hazioti. Mbuzi alipewa kazi ya kuonja vibuyu kila asubuhi ili kujua kama dawa haijaharibika, na akaambiwa akae mbali na majani, hatua mia. Aliifanya kazi hiyo vizuri sana. Kumbe kila mtu ana mahali pake.

Na kila mwezi ukiandama, Bi Nungunungu alichagua mnyama mmoja na kumwuliza Kiboko mbele ya wote, "Jani lake liko wapi?" Kiboko hakuruhusiwa kujibu kwa mdomo. Alitakiwa kutembea.

Mwezi wa kwanza aliulizwa jani la Nyani. Kiboko akapanda mwamba wa Pimbi. Alipanda, akateleza, akapanda, akasukumwa na Ngiri kwa nyuma, sehemu nisiyoitaja. Wakafika, na Bi Nungunungu nyuma yao. Pimbi alikuwa anaota jua.

"Nakala ya Nyani iko wapi?" Kiboko akauliza.

"Iko salama," Pimbi akasema, hajainuka.

"Inuka tuone."

Pimbi akainuka. Alikuwa ameikalia mwezi mzima, na jasho lilikuwa limefanya kazi yake. Jani lilikuwa tupu. Maandishi yote yalikuwa yamehamia kwenye matako ya Pimbi, na yalisomeka kinyumenyume.

Kiboko akakaa chini, puu. "Tumeshindwa," akasema. "Mwezi wa kwanza tu, tumeshindwa."

Bi Nungunungu hakukasirika. Alikuwa amechomoa mwiba tayari.

"Hatujashindwa, Bwana," akasema. "Nyani hajaugua. Jani lake la kichuguu lipo, kosa hili tumeligundua leo, na leo tunalirekebisha. Ndiyo sababu tumepanda. Pimbi, tulia, nakunakili."

Kwaru, kwaru, kwaru. Pimbi alicheka mpaka akaishiwa pumzi, maana alitekenyeka.

Sasa watoto, na nyinyi wa ukutani. Jani liko wapi?

Liko salama.

Mmekosea. Hivyo ndivyo alivyojibu Kiboko kabla ya mafuriko. Hivyo ndivyo alivyojibu Mbuzi na tumbo lake. Hivyo ndivyo alivyojibu Pimbi amelikalia. Tuanze tena. Mkiulizwa jani liko wapi, semeni, "Twende tukaone."

Jani liko wapi?

Twende tukaone.

Hapo sawa. Funzo lake ni hili: ukiwa na kitu ambacho maisha ya wenzako yanakitegemea, usikiweke mahali pamoja, usimpe mtu kwa sababu ya ndevu zake, na usiseme kipo mpaka umekwenda ukakishika kwa mkono wako, siku ambayo hakuna aliye mgonjwa.

Hadithi yangu inaishia hapo. Sasa imo vichwani mwenu, kila kichwa nakala moja. Nendeni nayo nyumbani. Na kesho nitamchagua mmoja wenu, simwambii nani, anisimulie yote toka mwanzo, nione kama bado ipo.